Jina Jabari kwa mtoto wa kiume: maana, asili, na namna ya kuliandikisha

Kutoka: Baba mtarajiwa, Columbus

Wanajumuiya, habari za siku nyingi.

Mke wangu yuko mwezi wa nane na tumeshaambiwa ni wa kiume. Yeye ni wa Mombasa, mimi wa Tanga. Tumelipenda jina Jabari, ila kila tunayemtajia nyumbani ananyamaza kidogo kabla ya kusema "zuri". Hapa Marekani ni kinyume: kliniki tunakokwenda, wauguzi walilidaka mara moja, mmoja ana binamu anaitwa hivyo. Inakuwaje jina la Kiswahili liwe geni kwetu na lizoeleke kwao? Kuna ubaya wowote ndani yake?

La pili, hospitali wametupa fomu yenye nafasi ya jina la kwanza, la kati na la mwisho. Sisi majina yetu ni matatu pia, lakini hayapangwi hivyo. Wenye uzoefu tusaidieni kabla siku haijafika.

Kutoka: Mwalimu, Minneapolis

Mdogo wangu, hongera sana. Mungu amjalie shemeji ajifungue salama.

Huo ukimya wa wazee una sababu. Jabari limetoka kwenye Kiarabu *jabbār*, na Kiswahili kikalainisha b mbili zikawa moja, kikatia irabu mwishoni kama kawaida yake. Al-Jabbar ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu, limo katika Sura ya 59 aya ya 23. Ndiyo maana kwa Waislamu mtu huitwa Abduljabbar, yaani mja wa Jabbar. Kumwita mtoto Jabari peke yake, mzee wa pwani anasikia sifa ya Mungu imevishwa mwanadamu. Halafu neno hilohilo likitumiwa kwa binadamu, ndani ya Kurani huwa ni lawama: katika Sura ya 19 aya ya 32, Nabii Isa anasema Mungu hakumfanya kuwa jabari mwovu. Hata katika Kiswahili chetu cha kila siku jabari ni shujaa asiyetishika, na pia ni mtu mjeuri anayepitisha lake kwa nguvu. Babu akinyamaza, anapima umekusudia jabari yupi.

Lakini msilitupe jina kwa sababu hiyo. Mzizi wake una upande mwingine ambao watu hawausemi sana, na mimi ndio unaonivuta. *Jabara* ni kuunga mfupa uliovunjika, kuurudisha mahali pake. Wafasiri wengi wa jina Al-Jabbar huingiza maana hii: Mwenye kuwaunga waliovunjika. Na ni mzizi huohuo uliotupa neno aljebra, kutoka kwenye kitabu alichoandika mwanahisabati Al-Khwarizmi huko Baghdad mnamo mwaka 820 hivi, ambamo *al-jabr* ni kile kitendo cha kuhamisha kilichopungua upande mmoja wa mlinganyo ili ukamilike. Mkimwita mtoto Jabari, mwambieni na hili akikua. Si nguvu ya kuvunja tu.

Sasa la Marekani. Mwaka 1966 msomi Mmarekani mweusi, Maulana Karenga, alianzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, huko Los Angeles, na nguzo zake saba zote akazipa majina ya Kiswahili. Ya pili ni kujichagulia, na katika maelezo yake imo haki ya watu kujipa majina yao wenyewe. Kwa watu ambao babu zao walinyang'anywa majina, hilo lilikuwa jambo zito. Wazazi weusi wakaanza kutafuta majina ya Kiafrika, na Kiswahili kikawa karibu kwa kuwa si lugha ya kabila moja. Katika orodha za majina zilizozunguka hapa, Jabari liliandikwa maana moja tu, "jasiri". Ile ya jeuri na ile ya Mungu hazikuvuka bahari. Hapohapo, mwaka 1971, mchezaji wa mpira wa kikapu Lew Alcindor akawa Kareem Abdul-Jabbar, na sauti ya jina ikaingia kila sebule. Huyo, mtaona, alilibeba kamili pamoja na Abdul yake.

Ndiyo maana mnawasikia akina Jabari kwenye kikapu mpaka leo. Jabari Parker alizaliwa Chicago 1995. Jabari Smith mdogo alichaguliwa wa tatu mwaka 2022, timu za ligi ya NBA zilipochagua wachezaji wapya, akaenda Houston. Mwaka huohuo Jabari Walker pia alichaguliwa, na baba yake, naye aliyekuwa mchezaji, anaitwa Samaki, mzaliwa wa mji huohuo mnaoishi ninyi. Tazameni hapo: vizazi viwili vya familia moja yenye asili ya Ohio vina majina ya Kiswahili, na la baba hakuna Mswahili anayempa mwanawe. Mimi nikiona hivyo nafurahi. Wamelipenda neno letu wakalipa maisha yao.

Kuhusu limeenea kiasi gani, msikubali takwimu za kurasa za majina ya watoto, wengi wananakiliana makosa. Idara ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani (Social Security) hutoa orodha ya majina ya watoto kila mwaka, inaanzia watoto wa 1880, na jina huonekana humo mradi limepewa watoto wasiopungua watano mwaka huo. Jilinganishieni wenyewe. Ila fahamuni kwamba kila tahajia huhesabiwa peke yake: Jabari na Jabbari ni majina mawili kwenye orodha hiyo. Kwa vyovyote halipo karibu na Liam wala Noah, majina ya wavulana yaliyoenea sana hapa, kwa hiyo darasani hatakuwa na wenzake watatu.

Kutoka: Mama watoto, Hamburg

Kaka, kongole. Naongeza la matamshi kwa sababu nyumbani kwangu tunaliishi. Jina la mwanangu linaanza na J, na hapa Ujerumani J husomwa kama Y. Akipelekwa kwa daktari mpya ataitwa kwa Y mpaka aseme mwenyewe. Jabari hapa ni "Yabari". Kwa Wahispania J ni H nzito, kwa hiyo atakuwa "Habari", na sidhani kama hilo ni baya kwa Mswahili! Marekani mnayo bahati, mkazo wanauweka palepale tunapouweka sisi, kwenye BA.

Ila kuna ndugu huwa wanachanganya Jabari na Jabali. Jabali ni mwamba, mlima, nalo ni jina zuri kabisa kwetu. Lakini Kihispania wana neno *jabalí*, limetokana na Kiarabu hichohicho cha mlima, na maana yake ni nguruwe mwitu. Kwa familia ya Kiislamu inayoishi kati ya wasemaji wa Kihispania, na Marekani wamejaa, bora mlijue mapema kuliko mtoto kulijulia shuleni.

Kama wazee wana uzito na Jabari, mzizi huohuo una Jabir, kwetu Jabiri. Ni jina la sahaba, limezoeleka pwani yote, na maana yake ni ile ile ya Mwalimu ya kuunga na kutengeneza.

Kutoka: Baba mtarajiwa, Columbus

Mwalimu, Dada, Mungu awazidishie. Mke wangu amesoma maelezo ya mfupa mara mbili, akasema basi ni Jabari. Mama yake tutamwambia kwamba tukiwa nyumbani ataitwa Abduljabbar. Imebaki fomu.

Kutoka: Mhasibu, Houston

Shikamoo Mwalimu. Kaka, hapa kwenye fomu ndipo penye kazi, maana jina likishaandikwa, kulirekebisha kuna taratibu na ada zinazotofautiana jimbo hadi jimbo.

Chukulia baba ni Salum Hamisi Juma. Kwa desturi yetu mtoto ni Jabari Salum Hamisi. Hapa Salum atakuwa jina la kati na Hamisi jina la ukoo. Lakini baba kwenye karatasi zake zote ukoo wake ni Juma! Kwa mfumo wa hapa, baba na mwana hawafanani jina la ukoo, na mama naye ana lake la kwao. Pasipoti ya Marekani ya mtoto haiandikwi majina ya wazazi, kwa hiyo ukisafiri naye peke yako, afisa mpakani hana cha kukuunganisha naye.

Wengi tumefanya hivi: Jabari Salum Juma. Jina la baba likae kati, la mwisho liwe lile ambalo baba analo tayari kwenye karatasi. Babu mmoja ameachwa, ni kweli, na wazee wengine inawauma, lakini mtoto anabaki na jina la baba na la ukoo. Ukipenda desturi ibaki kamili, sawa pia, ila tembea na cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi mwenzio kila safari. Abduljabbar kama ni la nyumbani, liache nyumbani. Likiingia kwenye karatasi moja na kukosekana kwenye nyingine, atahesabiwa watu wawili.

Fomu hiyo hujazwa kabla hamjaruhusiwa kutoka hospitali, na humo mna kisanduku cha kuombea namba ya Hifadhi ya Jamii. Kiwekeeni alama, itawaokoa safari ya ofisini. Mkiletewa nakala ya kuhakiki, isomeni herufi kwa herufi, mama akiwa amechoka soma wewe kwa sauti. Angalia hasa i ya mwisho, huwa inageuka y au ee mkononi mwa anayechapa.

Na ombeni zaidi ya nakala moja ya cheti yenye muhuri. Ombi la pasipoti huondoka na cheti halisi, hurudishwa kwa posta baadaye, na ninyi mtakuwa mnakihitaji kwingine. Ombi lenyewe, kwa mtoto wa chini ya miaka 16, linataka wazazi wote wawili mfike, au asiyefika atoe idhini iliyoandikwa na kuthibitishwa.