Nane Nane Dodoma na mama: twende tarehe ngapi?

BintiWaUsambara: Habarini wana jukwaa. Mama yangu anafuga mbuzi wa maziwa Lushoto, na tangu nipate akili namsikia akisema anataka kuona maonesho ya wakulima ya Nane Nane Dodoma. Mwaka huu nimedunduliza, nampeleka. Tutashuka Dar kwa basi, kisha treni ya SGR. Magoti yanamsumbua, hawezi kusimama sana. Twende tarehe ngapi?

MgogoWaKizota: Dada, karibuni sana kwetu, ila usimlete tarehe 8 Agosti. Siku ya kilele viongozi wa kitaifa wanakuja, ukaguzi getini unakula asubuhi nzima, na mama atakuwa amesimama. Maonesho yanaanza tarehe 1. Njooni tarehe 3 au 4, mwingie viwanja vya maonesho vya Nzuguni saa 2 asubuhi kabla upepo haujaamsha vumbi. Sweta la Lushoto alibebe, Agosti yetu ina baridi.

Mpeleke mabanda ya mifugo kwanza, vipando vya mazao baadaye. Mwaka jana nilimwona bibi mmoja amepiga goti kando ya mbuzi chotara, amekipakata kiwele kwa viganja viwili kama anayepima unga. Akamuuliza mwenye mbuzi anakamua mara ngapi, anampa pumba gani, alizaa lini. Yule kijana alijibu yote, hakuna aliyemharakisha. Mama yako anastahili siku ya namna hiyo.

Mkikuta ngoma ya muheme, kaeni. Wanawake wa Kigogo wanabana ngoma mapajani, na mdundo unausikia kifuani. Chakula mtafutie ugali wa uwele na mlenda.

Chumba lipia mapema, udai risiti. Wageni wangu waliwahi kukubaliana bei kwa simu, wakafika saa 4 usiku wanaambiwa imepanda mara mbili. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, kuzunguka usiku kutafuta pengine ni mateso. Tiketi ya treni nayo usiiache hadi wiki ya safari.

MzeeWaMajengo: Mwanangu, mimi nilihamia hapa 1974, mwaka mmoja baada ya Dodoma kutangazwa makao makuu. Kijana kasema kweli. Niongeze: mbebee mama kigoda chake, maana viti kwenye mabanda huwa vya wenye mabanda. Jioni mkapumzike Nyerere Square, kuna mahali pa kukaa. Na Agosti zabibu zinaanza kuvunwa. Onja punje moja kabla ya kununua, zikiwa chachu endelea kwa muuzaji mwingine. Siku tatu zinamtosha: moja ya maonesho, moja ya kulala, moja ya maonesho tena. Atataka kurudi, utaona.

BintiWaUsambara: Shikamoo mzee, ahsante. Na wewe kaka, Mungu akubariki. Nimemsomea mama yote kwa simu. Anauliza yule mbuzi wa yule bibi alikuwa wa rangi gani.

MgogoWaKizota: Mweupe, masikio yamesimama, na doa jeusi puani. Mpe mama shikamoo yangu.