Acheni kutuuzia mazabodi zilizokarabatiwa mkisema ni mpya!

Wadau, nimechoka. Mazabodi nyingine, yaani bodi kuu ya kompyuta, imekufa. Si ya kwanza, wala si ya duka lilelile, lakini nikirudi mjini jibu halibadiliki: "Bosi, hiyo ni stima ya kwenu."

Si stima. Kompyuta yangu iko kwenye UPS, ile betri inayoilinda stima ikipotea. Pawa saplai ni mpya na nimeipima kwa multimeta ikiwa na mzigo: laini ya volti 12 imetulia, haikaribii hata 11.4 wala 12.6, ambayo ndiyo mipaka inayoruhusiwa. Prosesa ileile na ramu ileile nikizipeleka kwenye bodi ya rafiki, zinawaka vizuri. Sasa kilichokufa ni nini kama si bodi?

Nazungumzia hizi bodi za X99 za bei nafuu. X99 ni chipuseti, yaani chipu ya bodi inayounganisha prosesa na vifaa vingine, ya Intel ya 2014. Nyingi tunazouziwa leo zimeundwa China kwa chipuseti zilizobanduliwa kutoka mashine kuukuu, na nyingine ndani hata si X99, ni B85 au Q87 za kompyuta za ofisi. Kwa hilo sina ugomvi. Kijana anayejifunza kuhariri video akipata prosesa ya Xeon E5-2680 v4 yenye viini 14 kwa hela kidogo, heri yake. Ninachokasirikia ni muuzaji anayeyajua hayo yote, akatazama uso wangu, akaniambia ni mpya na kunitoza bei ya kitu kipya.

Prosesa hiyo imepimiwa wati 120. Umeme unafika kwenye bodi ukiwa volti 12, unashushwa hadi karibu 1.8, na hapo ampea zinapita 60, zote kupitia mosfeti chache (swichi ndogo za umeme) kando ya soketi ya prosesa. Mosfeti zikiwa hafifu, au zimewahi kubadilishwa na mtu mwenye haraka, hazidumu. Hii iliyokufa juzi nimeiangalia kwa lenzi. Mosfeti moja imepasuka. Pembeni kuna flaksi (dawa ya kulehemu) ya kahawia iliyokauka na lehemu iliyotiwa kwa mkono, na tundu za skurubu zina mikwaruzo. Bodi iliyotoka kwenye boksi lililofungwa nailoni mbele ya macho yangu! Ilishapita kwa fundi kabla sijaiona. Iliyotangulia ilikataa kusoma sloti mbili za ramu tangu siku ya kwanza, na hiyo pia nikaambiwa ni stima. Stima gani hiyo inayochagua sloti?

Halafu waranti. Kabla ya kulipa ni mwaka mmoja, kwa mdomo. Ukishatuma pesa, risiti inasema bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Maneno ya risiti hayafuti sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari kuihusu, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya kuwalinda wateja ipo tangu 2012. Mahakama ya Madai Madogo inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili. Picha za bodi, risiti na ujumbe wa M-Pesa ninazo zote, na hela yangu siiachi.

Aliyewahi kudai bodi mbovu akarudishiwa pesa anieleze alivyofanya. Na hapa Nairobi, kuanzia barabara ya Luthuli hadi Moi Avenue, ni nani anayekubali uje na prosesa yako, bodi iwashwe pale kaunta na ikimbizwe kwa mzigo kamili nusu saa kabla hujalipa? Muuzaji unayesoma hapa na una bodi safi, andika wazi: imetumika au haijatumika, chipuseti gani, waranti ya miezi mingapi kwa maandishi. Nitakuja kesho na pesa mkononi.