Mjadala: Je, Antholojia ya Hadithi Bora za Mwaka Ihukumiwe kwa Alama za Kila Hadithi?

Mtoa hoja, Milimani, Kisumu

Wapenzi wa bunilizi za kisayansi, ninaleta hoja ambayo imekigawa kikundi chetu cha usomaji hapa Kisumu, na nisingependa imalizwe kwa kura tu. Desturi yetu ni kuchukua antholojia, yaani mkusanyiko, ya hadithi bora za kisayansi za mwaka fulani, kila msomaji akaipa kila hadithi alama kati ya 0 na 10, kisha tukatafuta wastani, na wastani huo ndio unaoitwa hukumu ya kitabu. Mimi ninashikilia kwamba hukumu ya namna hiyo haikigusi kitabu chenyewe. Antholojia ya mwaka ni dai la mhariri: kwamba katika yote yaliyochapishwa mwaka ule, haya ndiyo yaliyostahili kuhifadhiwa. Dai hilo ndilo la kupimwa, na haliwezi kupimwa bila kuuliza mhariri alisoma nini, aliacha nini na aliongozwa na kigezo gani.

Nadhani mazoea haya tumeyatoa shuleni. Diwani ya hadithi fupi inayotahiniwa katika karatasi ya tatu ya Kiswahili huchambuliwa hadithi moja moja, dhamira, wahusika na mbinu za lugha, wala sijawahi kuona swali linalomtaka mtahiniwa aeleze kwa nini wahariri waliziweka hadithi hizo pamoja na kuziacha nyingine.

Hesabu yenyewe ina udanganyifu. Chukua kitabu cha hadithi 30 ambacho kila moja imepata alama 7; wastani wake ni 7. Chukua kingine ambacho hadithi 5 zimepata 10 na 25 zilizobaki zimepata 6. Wastani wake haufiki 7. Kwa mujibu wa utaratibu wetu, kile cha kwanza ndicho bora, ingawa hakina hata hadithi moja ambayo mtu angeikumbuka baada ya mvua za masika. Mimi ningekinunua cha pili, na ninashuku kwamba hata wanaotetea alama wangefanya vivyo hivyo.

Waliofanya kazi hii kwa muda mrefu walijua kwamba wanatoa dai. Huko Marekani, Everett F. Bleiler na T. E. Dikty walitoa mkusanyiko wao wa kwanza mwaka 1949. Judith Merril alianza wake mwaka 1956, naye hakuona haya kuchota hadithi kwenye majarida ya kawaida yasiyojihusisha kabisa na bunilizi za kisayansi, jambo lililowakera baadhi ya wasomaji na kuwafurahisha wengine. Lakini kila mmoja wao alijua anachokidai. Gardner Dozois, aliyehariri juzuu 35 kuanzia mwaka 1984 hadi alipofariki mwaka 2018, alitanguliza kila juzuu kwa tathmini ndefu ya mwaka mzima, na mwishoni akaweka orodha ya hadithi alizozisifu bila kuzichapisha. Orodha ile ninaithamini kuliko utangulizi wake, kwa sababu inampa msomaji silaha: ukiikuta hadithi uliyoipenda imeishia kwenye orodha, huku nyingine iliyopwaya imechapishwa nzima, una la kumuuliza mhariri.

Tena alama hazionyeshi anayezitoa amesimama wapi. Fikirieni hadithi ya ziwa lililofunikwa na mmea wa kigeni hadi boti zikashindwa kufika ufukweni, kisha wanasayansi wakazalisha wadudu na kuwaachilia waule mmea huo. Msomaji wa Philadelphia ataipongeza kwa ubunifu. Mtu wa Dunga au Usoma, kwenye ufukwe wa ziwa hapa Kisumu, atasema hiyo si bunilizi, ni habari ya magugu maji na wale fukusi walioachiliwa katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990. Mmoja atatoa 9, mwingine 4, na wastani wao hautatuambia lolote kuhusu hadithi wala kuhusu mhariri aliyeichagua.

Mwalimu wa fasihi, Kakamega

Ndugu mtoa hoja, umeieleza hoja yako vizuri, lakini unatutwika mzigo ambao msomaji wa kawaida hawezi kuubeba. Ili nimhukumu mhariri kwa alichokiacha, sharti nami niwe nimesoma alichokiacha, yaani mamia ya hadithi za mwaka huo. Hiyo ni kazi ya mhariri mwingine. Mimi nina kitabu kimoja mkononi, na ninalo jukumu la kukisoma chote. Alama zinanilazimisha kufanya hivyo. Nimewaona watu wakisoma hadithi tatu za mwanzo, kisha wakarukia majina makubwa, halafu wakazungumza kwa mapana kuhusu mwelekeo wa mhariri. Anayejua kwamba ataulizwa alama ya hadithi ya 23 hathubutu.

Umeisema shule kana kwamba imetuharibu. Hadithi fupi haiandikwi ili iwe sura ya kitabu cha mtu mwingine. Mwandishi aliiandika peke yake, jarida likaichapisha peke yake, na ni haki yake isomwe peke yake kabla hatujaingia katika siasa za uteuzi. Ndiyo maana ninaupenda utaratibu wa ule mfululizo wa Marekani wa bunilizi za kisayansi na fantasia ulioanza mwaka 2015, ambao mhariri wake mkuu ni John Joseph Adams. Yeye huteua hadithi 80, kisha mhariri mwalikwa huchagua 20 kati ya hizo bila kuonyeshwa majina ya waandishi. Hapo hadithi inajitetea yenyewe, bila jina la mwandishi kuibeba.

Kuhusu hesabu yako, kosa liko kwenye wastani, haliko kwenye alama. Hesabuni ni hadithi ngapi zilizofika 8 au zaidi, na kitabu chako cha pili kitashinda. Na wale wasomaji wa 9 na 4 hawana tatizo lolote: tofauti yao ndiyo mazungumzo yenyewe, na isingeonekana kama kila mmoja asingetamka alama yake.

Muuza vitabu vya mitumba, Nakuru

Mimi juzuu hizi hunifikia zikiwa zimezeeka, nyingine hazina jalada, kwa hiyo ninazisoma miaka mingi baada ya mwaka uliotajwa juu yake. Kwa macho yangu, nyote wawili mna haraka. Alama iliyotolewa mwaka ule ule ni alama ya msisimko. Kuna hadithi ambazo nguvu zake zote zilikuwa kwenye chombo kipya, na chombo hicho leo kinauzwa kwenye vibanda vya simu. Ukikiondoa, hakuna mtu ndani ya hadithi anayebaki. Nyingine chombo chake kimekuwa cha kawaida kabisa na bado inakunyima usingizi. Someni juzuu ya mwaka jana sawa, lakini ihukumuni pamoja na ya miaka 20 iliyopita ya mhariri yule yule, ndipo mtajua kama anayo masikio.

Kuna jambo jingine ambalo Mwalimu amelipita. Dozois, kwa karibu miongo miwili hadi mwaka 2004, alikuwa pia mhariri wa jarida la Asimov's Science Fiction. Kwa hiyo mtu aliyenunua hadithi kwa ajili ya jarida lake ndiye aliyekaa baadaye kuamua kama hadithi hizo ni bora za mwaka. Simshutumu, alipata tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya bunilizi za kisayansi, ya mhariri bora mara 15, na jarida lake lilikuwa miongoni mwa yaliyosomwa sana. Hata leo Neil Clarke anahariri jarida la Clarkesworld na vilevile mkusanyiko wa mwaka alioanza kuutoa mwaka 2016. Msomaji anayetoa alama hadithi moja moja anaweza kumaliza kitabu kizima bila kugeuza ukurasa wa idhini, unaotaja kila hadithi ilikochapishwa kwanza, ili aone ngapi zimetoka nyumbani kwa mhariri. Mimi huanzia ukurasa huo.

Lakini nawe, mtoa hoja, usiiamini mno ile orodha ya mwishoni. Iliandikwa na mkono ule ule na kwa ladha ile ile. Kilichomponyoka mhariri kabisa hakimo hata humo.

Mwanafunzi, Maseno

Ninaomba kumjibu Mwalimu kwa heshima. Amesema hatuwezi kukifikia kilichoachwa. Jarida la Strange Horizons linasomwa bure mtandaoni tangu mwaka 2000, Clarkesworld linasomwa bure, na Omenana, lililoanzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya waandishi wa Afrika, nalo linasomwa bure. Ninazisoma hadithi hizo kwenye simu, kwa bando la siku. Mhariri anayedai kuusoma mwaka mzima hana udhuru wa kuyakosa majarida hayo, na sisi hatuna udhuru wa kutomuuliza. Mkusanyiko wa bunilizi bora za Afrika wa mwaka 2021, uliohaririwa na Oghenechovwe Donald Ekpeki, una hadithi 29. Kwangu kitabu hicho ni jibu kwa wahariri wengine, na mtu hawezi kuliona jibu hilo akihesabu alama za ndani ya kitabu kimoja.

Mtoa hoja

Dada wa Maseno ameniondolea kazi. Nitaongeza mawili tu kwa Mwalimu.

La kwanza ni kuhusu kuficha majina. Mhariri mkuu anapoteua zile 80, majina anayaona. Kitambaa kinafungwa machoni baada ya ungo wa kwanza kuwa umeshapepetwa. Tena kuficha jina hakufichi mahali. Hadithi yenye matatu ya Kondele na omena wanaoanikwa juani imejitaja. Na pale ambapo ujuzi wa mahali unahitajika, upofu haumsaidii mhariri hata kidogo: mwandishi akituonyesha wavuvi wakivua omena kwa furaha chini ya mwezi mpevu, msomaji wa huku atajua papo hapo kwamba mwandishi hajawahi kuuliza, kwa kuwa omena huvuliwa kwa taa, na usiku wa giza ndio wenye faida. Mhariri aliye mbali ataona mandhari ya kupendeza.

La pili ni pendekezo, kwa kuwa sipendi kupinga utaratibu bila kuleta mwingine. Katika kikao kijacho kila msomaji aje na hadithi moja ya mwaka ule ule ambayo haimo kitabuni, aliyoisoma kwenye jarida lolote la bure, kisha aseme ichukue nafasi ya hadithi gani na kwa nini. Asiyepata hata moja ya kuingiza amempa mhariri sifa kubwa kuliko alama yoyote. Akipatikana mtu mwenye tatu au nne, na wengine tukakubaliana naye, basi tumekihukumu kitabu kama kitabu. Shauri la Nakuru la kusoma juzuu ya zamani ya mhariri huyo huyo ninalikubali, mradi nakala ipatikane.

Mwalimu wa fasihi, Kakamega

Ninalikubali zoezi hilo, na nitakuja na hadithi yangu. Hata hivyo, unasema kila atakayeingiza hadithi aseme ipi itoke. Watu wanane wakitaja hadithi nane tofauti za kutoka, mtaamuaje ipi ni dhaifu kuliko zote bila mtu kuchukua kalamu na kuandika namba?