Naomba ushauri: usingizi wa mchana kwa mlinzi wa usiku

Habari zenu wakuu. Nina miaka 34, nalinda ghala huku Mbagala, zamu ni saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Mwezi wa tatu sasa mchana silali zaidi ya saa nne, wakati mtu mzima anatakiwa apate 7 au zaidi. Ikifika saa 5 bati limeshapata moto, jirani kafungulia redio, basi tena, nabaki nahesabu misumari ya paa. Na hasira zimekuwa za ajabu: juzi nimemfokea mwanangu kisa kadondosha kijiko.

Nimetundika blanketi dirishani, simu nazima. Kahawa ya saa 9 usiku nimeacha, hiyo imesaidia kidogo. Pombe situmii, presha nimepima iko sawa.

Mliozoea zamu za usiku, mnalala kwa mkupuo mmoja au mnagawa, asubuhi kiasi na alasiri kiasi? Na mazoezi ya kutembea, nifanye kabla ya kuingia kazini au nikitoka? Nikitembea asubuhi jua linanipiga usoni, usingizi unakata kabisa.

Natanguliza shukrani.