Sherehe ya vitabu ya gredi ya 3 hapa Kisumu: fundi, mitumba au kubeba kitu tu?

Mama Adhis, Kondele
Wazazi wenzangu, habari za jioni. Mwalimu wa binti yangu ametuma ujumbe kwamba Ijumaa ijayo darasa lina sherehe ya vitabu. Kila mtoto aje kama mhusika wa hadithi aipendayo, aisimulie kwa dakika mbili, na alete kitafunwa cha kugawana. Siku ya Vitabu Duniani ni tarehe 23 Aprili, lakini kwetu huangukia likizo, ndiyo maana wameisogeza hadi muhula huu.

Fundi wa hapa mtaani anataka 1,200, kitambaa juu yake, anishonee gauni la malkia. Naweza pia kwenda soko la Kibuye Jumapili nitafute mitumba. Dada yangu naye anasema nimwache avae sare, abebe tu kitu kimoja kinachotoka kwenye hadithi. Mtoto alikuwa ameshachagua Simbi Nyaima, hadithi aliyosimuliwa na nyanya yake, ila tangu jirani amwonyeshe gauni la malkia ameanza kuyumba. Mngefanyaje?

Baba Pacha, Mamboleo
Kibuye, tena ufike asubuhi na mapema kabla wauza nguo wenyewe hawajachagua. Gauni la malkia litavaliwa siku moja na kurudi sandukuni. Kwa 200 unapata shati, sketi na mkanda, na chenji inabaki ya gundi na karatasi za manila.

Mwalimu wa Ahero
Mama Adhis, mimi nafundisha gredi za chini na sherehe hizi nimezisimamia. Kinachoniumiza ni mtoto aliyepambwa vizuri kuliko wote, kisha nikimuuliza "Wewe ni nani, na ulifanya nini?" anaangalia viatu vyake. Kwa hiyo usianze na nguo. Muulize ni hadithi gani anaweza kuisimulia bila wewe kumsaidia. Kama ni Simbi Nyaima, umeshapata.

Na hiyo hadithi ina kila kitu. Bibi kizee anafika usiku penye karamu, ana njaa, anafukuzwa. Mama mmoja tu ndiye anayemkaribisha. Usiku huohuo kijiji kinazama na maji yanatulia kuwa ziwa, na ziwa lenyewe lipo hadi leo karibu na Kendu Bay, maji yake ya magadi, flamingo wakitua. Watoto wakisikia kwamba mahali penyewe pako upande wa pili wa ghuba, wanatega masikio.

Mavazi yake ni leso mbili, fimbo na kikapu. Basi.

Kuhusu mazoezi, tafadhali usimwandikie maneno ayakariri. Mtoto wa miaka minane akisahau neno moja la kukariri, yote yanamtoka. Mwulize mkiwa mnaosha vyombo: nani alifika? Walimfanyia nini? Halafu? Akijibu hivyo kila jioni, Ijumaa atasimulia kwa maneno yake. Mwache pia atafute sauti ya bibi mwenyewe, usimwonyeshe.

Jambo lingine ni joto. Wapo wanaowavisha watoto manyoya ya sungura kutoka kichwani hadi miguuni, na saa tano mtoto analia. Masikio ya manila kwenye mkanda wa kichwani yanatosha.

Shangazi wa Nakuru
Naomba nimtetee fundi kidogo. Mpwa wangu alienda kama Wangari Maathai. Tulimshonea gauni la kitenge na kilemba, akabeba mche kwenye mkebe. Alieleza kwamba mama huyu alianzisha Green Belt Movement, shirika la kupanda miti, mwaka 1977, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Mche ulipandwa shuleni, na kitenge bado anakivaa kanisani. Kwa hiyo Baba Pacha, si kila nguo ya fundi inaishia sandukuni. Uliza tu kama itavaliwa tena.

Baba Pacha, Mamboleo
Hapo nakubali, Shangazi. Sisi tulifanya Luanda Magere, yule shujaa ambaye mkuki haukupenya mwili wake mpaka adui alipojua nguvu ziko kwenye kivuli. Mmoja akawa shujaa, pacha wake akajifunika shuka nyeusi akawa kivuli, anamfuata kila hatua. Darasa zima lilisimama! Mkuki ulikuwa wa magazeti yaliyokunjwa, maana shule haikutaka mti.

Otis wa Siaya
Njia ya dada yako msiidharau. Mwanangu ana haya, ukimvika nguo ya ajabu anajificha. Alienda na sare na kikapu, akawa anatoa kitu kimoja kimoja kadiri hadithi inavyosonga. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka.

Mpishi Milimani
Kitafunwa: mandazi ya herufi. Kanda unga mgumu kuliko kawaida, hamira kidogo sana, la sivyo herufi zinaumuka hazisomeki. S, O, I na C hutoka vizuri, ila E na M husumbua. Njugu msipeleke kabla ya kumuuliza mwalimu, kuna watoto zinawadhuru.

Mama Adhis, Kondele
Asanteni sana. Nimemuuliza usiku huu, na amenisimulia Simbi Nyaima hadi mwisho bila kusita, hata huyo malkia hakumtaja. Leso ninazo. Kikapu nitachukua cha mafunjo kwa akina mama wa Dunga, na vitu vya kutoa ndani yake atachagua mwenyewe. Gauni la fundi nimeliacha. Swali moja tu limebaki: nywele nyeupe za bibi nizifanyeje? Jirani anasema nimpake unga.

Mwalimu wa Ahero
Unga hapana, akitoka jasho utamwingia machoni. Shonea pamba kwenye kofia ya zamani, kisha funga leso juu, pamba ichungulie mbele tu. Mikunjo ya uso chora kwa penseli ya wanja, inatoka kwa maji na sabuni.