Anatema uji, anataka parachichi tu

Mama Tuma, Uyole
Habari za jioni wapendwa. Binti yangu katimiza miezi sita wiki iliyopita. Alikuwa ananyonya tu, hata maji sijampa. Nikasagisha unga wa lishe pale Mwanjelwa, kilo tano: mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga. Anautema wote, tena kwa kupuliza, unaniishia kwenye kanga. Juzi nakula parachichi, akaning'ang'ania mkono. Nikampondea kidogo, akamaliza vijiko vinne vya chai! Sasa akiona kibakuli cha uji anafumba mdomo. Mama mkwe kapiga simu toka Tukuyu: mtoto wa Kinyakyusa hukua kwa ndizi na maziwa ya ng'ombe, mume wako mbona alikua? Nimekwama jamani.

Mama Watatu, Iringa
Pole mdogo wangu. Vitu saba kwa mpigo! Akitoka vipele utajua ni kipi? Mpe kimoja kimoja, siku mbili tatu, ndiyo uongeze kingine. Na hizo karanga ulizichambua mwenyewe? Zikiwa na ukungu zina sumukuvu, na hiyo haitoki hata ukichemsha mpaka kesho. Mimi siku hizi nachagua punje kwa punje kabla ya mashine, mume wangu ananicheka.

Wa kwangu wa mwisho alianza na kiazi mviringo. Unakiponda kikiwa cha moto, unalegeza kwa maziwa yako uliyokamua.

Nesi mstaafu
Parachichi ni zuri, mama Tuma, ila peke yake halitoshi. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua umri huu. Tafuta ini, yai lililoiva vizuri, maharage uliyoyapitisha kwenye chujio maganda yabaki. Anza vijiko viwili vitatu, mara mbili kwa siku, na ziwa liendelee. Uji wako uwe mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike kama chai. Chumvi na sukari achana navyo. Asali mpaka avuke mwaka. Ndizi za bibi mpe bila wasiwasi, lakini maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya ziwa kabla ya mwaka.

Baba Imani
Mama mkwe ashinde hata kwenye ndizi tu, amani itakuwepo 😂

Mama Tuma, Uyole
Nimerudi. Nilinunua usipa wa Kyela, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, nikatoa vichwa, nikaosha mchanga maji matatu, nikakausha na kutwanga mpaka ukawa vumbi. Nusu kijiko kwenye kiazi, na parachichi kidogo juu kumhadaa. Cha kwanza alikunja uso kama kalamba ndimu. Cha pili akakishika kijiko mwenyewe, hakukiachia. Bibi nimemwambia anakula ndizi, kafurahi, Jumamosi analeta mkungu mzima. Unga tunakunywa mimi na baba yake asubuhi, na baridi hii ya Juni wala hatulalamiki.