Chembe za plastiki huwadhuru vipi wanyama wadogo wa majini?

Mchuuzi wa dagaa, Mwanza:
Ndugu zangu, kila ninapochambua dagaa hukuta nyuzi za nyavu za rangi ya bluu, nyembamba kama unywele, zimenasa kwenye magamba. Plastiki hiyo ikisagika zaidi, inawadhuru kwa njia gani wale wanyama wadogo wanaoliwa na dagaa?

Jibu la kwanza:
Dada, swali lako ni zito. Kiroboto wa maji, mnyama mwenye urefu wa milimita chache tu, hula kwa kuchuja maji mfululizo, wala hawezi kutofautisha vizuri mwani na chembe ya plastiki yenye ukubwa uleule. Utumbo wake, unaoonekana wazi kwa hadubini kwa kuwa mwili wake hupenyeza mwanga, hujaa kitu kisicho na lishe. Matokeo yake hula kidogo, hudumaa na kuzaa watoto wachache. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kopepodi wa baharini (wanyama wadogo sana wa jamii ya uduvi) waliowekewa chembe za maikromita 20, yaani sehemu ya hamsini ya milimita, walitaga mayai madogo, na yaliyoanguliwa yalipungua.

Jibu la pili:
Tukumbuke pia kemikali zinazochanganywa kwenye plastiki kiwandani, ambazo huweza kuvujia mwilini. Hata hivyo, majaribio mengi hutumia chembe nyingi kuliko zilizomo ziwani, jambo linalotutaka tuwe waangalifu.

Mchuuzi wa dagaa, Mwanza:
Ahsanteni sana. Je, samaki wakubwa wamepimwa?

Jibu la kwanza:
Ndiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha plastiki matumboni mwa sangara na sato walionunuliwa hapohapo Mwanza, mmoja kati ya kila watano.